Mtamba wa Isinya na DNA ya Mama Yake

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya mifugo mjini Kajiado, Mkuu wa Maabara alinipa kipande cha ini la ng'ombe, sabuni na spiriti baridi. Sabuni ilipasua seli, DNA ikatoka. Nilipomimina spiriti, nyuzi nyeupe zikaelea juu.

"Unaona nini, Mwende?"

"Naona kamasi, daktari."

Alicheka mpaka miwani ikateleza. "Hiyo kamasi ndiyo inaamua kama ng'ombe atakuwa na pembe. Ishike kwa heshima."

Nilikuwa msichana wa Machakos, na mkuu huyo ndiye aliyenifundisha kazi. DNA ni kama ngazi ndefu iliyosokotwa. Kila kidato chake ni besi mbili, yaani vipande viwili vya kemikali, zilizoshikana. Besi ziko nne, nasi twaziita A, T, G na C. A hushikana na T tu, G na C tu. Kwa hiyo ukijua upande mmoja wa ngazi, umeujua na wa pili. Alinikaririshia jambo hilo kila asubuhi hadi nikaliota.

Baadaye nilihamishiwa Kitengela, kusimamia kitengo cha kutambua wazazi wa mifugo. Huko ndiko kesi ya mtamba ilinifikia.

Naserian, mjane wa Isinya, alikuwa amepoteza ndama wakati wa ukame, mifugo ya watu wengi ilipochanganyika kisimani. Ndama alipokua mtamba, Naserian alimtambua kwenye boma la jirani yake, Mzee Lemayian. Mzee naye aliapa kwamba huyo alizaliwa na ng'ombe wake. Vijana wa pande zote mbili walishaanza kutembea na rungu. Chifu akatuomba msaada.

Tulichukua nywele za mkia, pamoja na mizizi yake, kutoka kwa mtamba na ng'ombe wawili waliodaiwa kuwa mama yake, wa Naserian na wa mzee. DNA ilikuwa kidogo, tukainakili kwa mashine: joto hutenganisha pande za ngazi, kisha kimeng'enya, yaani mfanyakazi mdogo wa seli, hujenga upande unaokosekana. Majibu yalipotoka, Daktari Mkuu wa kituo chetu hakuyatuma kwa chifu.

"Wasipoelewa, watapigana na karatasi yako ikiwa mkononi," aliniambia. "Enda uwaeleze mwenyewe."

Nilikuta watu wamejaa bomani kwa Mzee Lemayian.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu Naserian kwa Kimaasai, nikimwita mama.

"Iko," alijibu bila kuniangalia.

Mzee Lemayian hakungoja. "Wewe ni wa Ukambani. Utanifundisha ng'ombe wangu?"

"Hapana, mzee. Nipe watu wachache tu, niwaonyeshe kitu."

Niliwapanga safu mbili, zikitazamana. Wengine niliwaita maziwa, wengine kibuyu, wengine moto, wengine kuni. Maziwa ashike mkono wa kibuyu, moto ashike wa kuni. Wakashikana, ngazi ikawa tayari. Kisha nikawaachanisha, safu moja huku, nyingine kule.

"Kila mtu aite mwenzake mpya kutoka kwa hao wengine."

Kelele! Maziwa akiita kibuyu, moto akiita kuni. Punde tukawa na ngazi mbili zinazofanana kabisa, kila moja na upande wa zamani na upande mpya.

"Hivi ndivyo seli inanakili kabla ya kugawanyika," nilisema. "Na ndama hupata nusu ya DNA yake kwa mama, nusu kwa baba. Kila mahali tulipopima, lazima tukute kitu cha mama."

"Na mkakuta cha nani?" Mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Cha ng'ombe wa Naserian, kila mahali. Kwa ng'ombe wako, sehemu nyingi zilikataa kulingana."

Mzee alimtazama mtamba. "Basi ndama wangu alikufa kwenye ule ukame," alisema, akamwambia mwanawe afungue lango.

Naserian alimzuia mzee. "Umemlisha mtoto wangu miaka hii yote. Akizaa jike, ndama huyo ni wako."

Vijana waliweka rungu chini. Nilirudi Kitengela kichwa kikiwa juu, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa nimestaafu. Niliowafundisha wako na mashine zinazosoma herufi za DNA kwa haraka ambayo sisi hatukuiwazia, na wakinipigia simu kuuliza jambo, mimi huvimba kwa raha. Juzi nilijikata kidole nikimenya nduma. Siku zilizofuata nilikaa kibarazani nikitazama ngozi mpya ikiziba, seli zikifungua ngazi zao, zikinakili, zikigawanyika.

"Mbona unachekea kidonda?" mume wangu aliuliza.

"Naangalia kazi," nilimwambia. "Inaendelea vizuri sana."