Ukurasa wa Edinah

Watu wa kamati wanasimulia kwamba Leonida alivuruga kongamano. Wanasema hivyo mpaka leo, na hapa Rangwe kuna watu ambao hata hawakuwepo, nao wanarudia. Basi wacha niseme mimi niliyekuwepo, nimekaa safu ya tatu kutoka mbele. Naitwa Millicent, nauza mitumba sokoni, na wanaonijua wanajua sina subira na uongo, hasa ule unaofunguliwa kwa maombi.

Leonida ni jirani yangu wa meza. Anauza nyanya na vitunguu, ni mjane, Mkatoliki wa kuamka na rozari, mpole mpaka unaudhika. Lakini hajulikani kwa nyanya. Yeye ndiye anayeandika historia za marehemu, zile zinazosomwa mazishini. Mtu akifa huku, kabla hata turubai halijafungwa, utaona ndugu zake wanaingia sokoni na daftari wakimtafuta. Ataandika alizaliwa wapi, akabatizwa lini, akasoma mpaka wapi, akaoa nani, akaugua nini, akaacha watoto gani. Ameandika zaidi ya mia mbili. Hadai kitu, labda umletee kalamu.

Na ana swali lake. Wakishamtajia watoto wa marehemu, anauliza, "Hao ndio wote?" Kisha ananyamaza. Anaweza kunyamaza mpaka chai ipoe. Ndugu wanatazamana, mwisho mmoja anakohoa, anasema kuna mwingine huko Rongo ambaye mama yake hakuolewa. Leonida anamwandika huyo palepale anapostahili kwa umri, hambandiki mwisho kama kiraka. Ametukanwa kwa jambo hilo. Mjane mmoja alimwagia maji ya vyombo. Siku ya mazishi jina la yule mtoto lilisomwa hata hivyo, na mwenyewe alikuwa amesimama nyuma kabisa akalisikia. Nilimuuliza Leonida kwa nini anajitafutia matata yasiyomhusu. Akasema si yeye aliyewaumba, kwa hiyo hana ruhusa ya kuwafuta.

Sasa Edinah. Huyu alikuwa wa kisiwa cha Rusinga. Watu walimwita msichana kwa mazoea tu, maana alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa anaanika omena, hawa dagaa wa ziwani, na Leonida alipokuwa akipeleka nyanya upande wa Mbita ndipo walipojuana. Edinah hakuolewa. Alikuwa akimtunza mama yake, na akawalea watoto wawili wa kaka yake aliyekufa, akawasomesha. Malaria ikampanda kichwani, siku nne, kwisha. Na kwa mila yetu, binti mtu mzima akifia kwao bila kuolewa hazikwi ndani ya boma. Anazikwa nje ya ua, haraka haraka, asubuhi, watu warudi kwenye shughuli zao. Hakuna turubai, hakuna kipaza sauti. Historia nayo ya nini, wanauliza, na hakuacha mume wala mtoto?

Leonida alifika wakati watu wanaosha majembe. Alimkuta Mama Edinah jikoni peke yake. Akakaa chini, akaazima daftari la mmoja wa wale watoto, akaanza kuuliza kama anavyouliza kwa wakubwa wa ukoo: alizaliwa lini, alibatizwa wapi. Ukurasa ukajaa. Akamsomea. Mama Edinah akamwambia arudie pale aliposema kwamba Edinah alikuwa akianza kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe. Akarudia. Tangu siku hiyo kila akienda huko anaombwa asome tena, mpaka ukurasa wote ameushika kichwani.

Mwaka jana mwezi wa nane likatangazwa kanisani kongamano la waandishi Wakristo, siku tatu, katika ukumbi wa kanisa moja mjini Homa Bay. Makanisa yote yalialikwa. Kila mtu aje na ukurasa mmoja aliouandika mwenyewe. Utakaochaguliwa ungesomwa siku ya mwisho na kuchapwa mwanzoni mwa kitabu. Mimi ndiye niliyemsukuma Leonida aende, nakubali. Nikamwambia apeleke ule wa Edinah. Yeye hakukubali mpaka aende kwanza Rusinga kumwomba mama mtu ruhusa. Mama Edinah hakumuuliza mengi. Alimuuliza kama jina la binti yake litakuwa ndani ya hicho kitabu. Leonida akasema ukurasa ukichaguliwa, jina litakuwemo. Mama Edinah akasema basi aende.

Tukaenda, mimi kama msindikizaji wake. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Clifford, mtu aliyeandika vitabu vitatu vya kuifundisha familia kuishi kwa amani. Asubuhi ya kwanza akatufundisha juu ya upendo kwa wengine. Jamani, alisema vizuri. Alisema mwandishi Mkristo huanza kumheshimu mtu kabla hajashika kalamu. Mimi nisiyeandika hata barua niliandika maneno hayo nyuma ya ratiba.

Halafu ikafika saa ya kujitambulisha. Waliokuwa na vitabu walivalishwa utepe mwekundu na kukaa mbele, na chai yao ilikuwa chumba cha ndani chenye viti vya sponji. Sisi wengine tulikunywa nje, kwenye ngazi. Leonida aliposimama akasema kwa adabu kwamba yeye huandika historia za marehemu, Mchungaji akachukua kipaza sauti.

"Kwa hiyo dada," akasema, "wasomaji wako wote wako kaburini."

Ukumbi mzima ukacheka. Leonida naye akacheka, tena akaziba mdomo kama mtoto aliyekosea. Mimi sikucheka. Mwanamke amewashika mkono watu wakiwa na msiba kwa miaka ishirini, halafu mtu wa utepe anamfanyia mzaha, na yeye anamsaidia kucheka! Wakati wa chai nilimgombeza. Hakunisikiliza, kwa sababu alikuwa amekaa na Mzee Ombui, Msabato mwenye duka Migori, aliyekuja na kurasa arubaini za maisha yake badala ya moja. Kamati ilikuwa imemwambia azifunge hizo akae. Leonida alizisikiliza zote arubaini, siku mbili, kila mapumziko, na penye kosa akamwonyesha taratibu. Niulize mimi nani pale alifuata lile somo la asubuhi.

Siku ya pili watu waligawanywa vikundi, wakasomeana. Kisha Leonida akasoma. Mwalimu mmoja wa Rongo aitwaye Lynnet alivua miwani akaifuta, akaomba ukurasa ule upelekwe kwa vikundi vingine. Kufikia jioni ulikuwa umechaguliwa, bila mabishano. Mchungaji Clifford akaupokea, akasema ataupiga msasa kidogo. Tukamshukuru. Wajinga sisi, tukamshukuru! Leonida akampigia simu Mama Edinah, akamwambia kesho aje asikie mwenyewe.

Akaja. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, magoti mabovu, alitoka Rusinga alfajiri amevaa sare ya kina mama wa kanisa lake, imepigwa pasi. Tulimweka katikati yetu, mimi upande huu na Leonida upande ule. Kiswahili chake ni cha sokoni tu, kwa hiyo tulikubaliana kwamba nitamtafsiria.

Mchungaji akapanda jukwaani na karatasi iliyochapwa. Akamtaja Leonida, watu wakapiga makofi, kisha akaanza kusoma. Palikuwa na msichana mmoja wa kisiwani, akasema. Msichana mmoja! Alipenda dunia, akawakataa wachumba, akaona ujana hautaisha. Hakuna mchumba aliyekataliwa katika ukurasa wa Leonida. Wale watoto wawili aliowalea hawakutajwa. Kicheko chake kilikuwemo, lakini sasa kilikuwa kicheko cha kilabuni. Na mwisho, kwa sauti ya mahubiri: leo amelala nje ya ua wa baba yake, je, wewe binti unayesikia, utalala wapi? Watu wakasema amina, wakapiga makofi.

Mama Edinah alikuwa anatabasamu, akingoja. Akanivuta mkono, akaniuliza kwa Kijaluo ni nani huyo anayesemwa, na ya binti yake itaanza saa ngapi.

Sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia simjui anayesemwa. Na ni kweli, sikumjua, mtu kama huyo hakuwahi kuishi. Lakini nilipotamka hivyo, hasira iliyonishika sijawahi kuisikia tangu nizaliwe.

Leonida alikuwa ameshainuka. Alitembea mpaka jukwaani polepole, makofi yakiendelea, watu wakidhani anaenda kushukuru. Akasimama karibu na kipaza sauti, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mchungaji, huyu uliyemsoma mimi simjui," akasema. "Naomba nimsome yule niliyemwandika."

Mchungaji alicheka kidogo. Akaeleza ukumbi kwamba waandishi wachanga huumia wakihaririwa, kwamba kitabu cha Kikristo lazima kiwe na funzo, kwamba jina aliliondoa ili kuilinda familia isiaibike, na kwamba muda umekwenda, mgeni wa heshima anangoja.

"Mama yake yuko hapa," Leonida akasema.

Mchungaji akatazama safu yetu, akamwona yule mama na sare yake. Hapo ndipo nilipompa nafasi, moyoni mwangu nilimpa, nikasema sasa atashuka. Hakushuka. Alisema Bwana amtie nguvu mama yetu, na kwamba baada ya chakula tutamwombea. Kisha akampa ishara kiongozi wa nyimbo, pambio likaanzishwa, ngoma ikaingia, watu wakasimama wakipiga makofi, na sauti ya Leonida ikamezwa.

Ati baada ya chakula!

Ningekuwa mimi ningeng'oa ile waya ya kipaza sauti. Leonida hakushindana nao. Alirudi akakaa, akaweka mdomo wake kwenye sikio la Mama Edinah, na wakati wote wa pambio lile akamsomea ukurasa wa kweli kutoka kichwani, kwa Kijaluo, tangu kuzaliwa hadi kufa. Watu walikuwa wanaruka ruka kutuzunguka. Mama Edinah alikuwa amefumba macho, anaitikia kwa kichwa mahali anapopajua. Alipomaliza, Leonida akamweleza pia kile kilichosomwa jukwaani, chote, hakumficha. Mama Edinah aliuliza jambo moja tu, kama jina lilitajwa. Leonida akasema halikutajwa.

Kikao kilipofungwa Leonida alikwenda kwa katibu, Bwana Gordon, akaomba karatasi yake ya mkono arudishiwe. Kulikuwa na fomu ya kukubali kuchapishwa. Hakutia sahihi. Katibu akamwambia kwa huruma kwamba hapo anaitupa nafasi ya pekee, kwamba kitabu hakitamngoja. Nilimwona anavyoishika ile karatasi kwa mikono miwili. Mwanamke huyu hakuwahi kuona jina lake limechapwa mahali popote isipokuwa kitambulisho, na jina la Edinah alikuwa ameliahidi. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Alilia kidogo pale pale mbele ya katibu, kisha akajipangusa na kanga.

Mlangoni Mchungaji alikuwa amesimama akiwaaga watu kwa mkono, kama desturi yao. Leonida alipofika, Mchungaji akamshauri akumbuke unyenyekevu. Nikamwambia yeye Mchungaji kwamba unyenyekevu wenyewe ndiye huyo aliyemshika mkono, amwangalie vizuri maana hatauona tena hivi karibuni. Akajifanya hakunisikia.

Nyuma yangu alikuwa Mama Edinah. Mchungaji akampa mkono na tabasamu lile lile la kila mtu. Mama Edinah akaupokea kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia.

"Mwambie alitaje jina la mtoto wangu," akaniambia kwa Kijaluo.

Nikatafsiri. Mchungaji akasema, "Amina, mama, amina," akataka kumsalimia anayefuata. Mkono haukutoka. Ile ni mikono ya kuanika omena miaka hamsini. Foleni ikasimama, watu wa utepe mwekundu wakaanza kuchungulia kuna nini. Mama Edinah alikuwa anamtazama usoni bila ubaya wowote, anangoja tu. Akarudia maneno yake yale yale, nami nikatafsiri tena.

Ndipo Mchungaji Clifford akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anaitwa nani?"

Alikuwa amelala na ukurasa ule usiku kucha. Jina lilikuwa mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, limepigiwa mstari. Nilichotaka kumjibu si cha mlangoni mwa kanisa. Aliyemjibu ni Leonida, kwa upole, kama anavyomsaidia mtu aliyesahau.

"Edinah."

"Edinah," akasema Mchungaji.

Mama Edinah akashukuru, akamwachilia mkono, akauliza stendi ya magari ya Mbita iko upande gani. Yeye alimwachilia. Mimi bado.