Waziri Aliyetandika Kitanda Chake

Mzee yule alinikera kabla sijampenda. Nilikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na kila nilipofungua chumba chake nilikuta kitanda kimeshatandikwa, tena vibaya, shuka imekunjamana kama chapati ya anayejifunza. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha Ukunda, "Mzee, msimamizi akiona hivi atasema mimi sina kazi."

Akaniomba radhi, akanieleza. Nchi yake ya kikomunisti ilipokuwa inakata roho, yeye ndiye aliyekuwa waziri wa chakula. Alipewa cheo wenzake walipokikimbia, akakaa nacho miezi mitano, na kazi yake kubwa ilikuwa kueleza kwa nini nyama haipo. Ofisi ikapukutika. Dereva akaondoka, kisha makarani, hata akazoea kujifanyia kila kitu.

"Mwisho akaondoka mama aliyekuwa akinipikia chai," alisema. "Kufa kwa nchi nilikuona kunakuja. Lakini yule mama hakuniaga."

Kwetu Bodo hata aendaye Msambweni kununua sukari huaga. Nilimwonea huruma, na tangu siku ile nikamwita Mheshimiwa. Alicheka hadi miwani ikamteleza. Kitanda tukawa tunakitandika pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, kila mwaka alipokuja.

Kisha zikatokea zile vurugu za huku pwani za mwaka wa tisini na saba, wageni wakaadimika. Yeye alikuja vilevile. Hoteli ikaanza kupunguza watu: mtunza bustani, wapishi, wahudumu. Waliondoka kwa mlango wa nyuma, kimya, kwa aibu ya kuachishwa kazi. Kila asubuhi Mheshimiwa aliniuliza, "Leo nani hayupo?"

Barua yangu ilipofika, nami nilitaka kupita huko huko nyuma. Mkoba ulikuwa begani, machozi karibu. Nilipofika mlangoni nikamkumbuka yule mama wa chai, nikajionea haya. Nikarudi.

Nilimkuta barazani. "Shikamoo, Mheshimiwa. Nimeachishwa kazi. Nimekuja kukuaga."

Akavaa viatu, akafunga vifungo vyote vya shati, ndipo akasimama.

"Ruhusa unayo," akasema. "Na ahsante kwa chai."

Sikuwahi kumpikia chai hata siku moja. Nikamjibu, "Starehe, Mheshimiwa."