Sala ya Mama Katika Darasa la Fasihi

Nilipoingia kidato cha tano Kibaha, nilikuwa msichana wa Kisarawe niliyelelewa madrasa. Kuswali kwangu hakukuwa jambo la kujadiliwa. Kulikuwepo tu, kama kuoga na kula. Ndiyo maana swali la mwalimu wetu wa fasihi lilinikuta sina pa kushika.

Tulikuwa tunasoma tamthilia ambamo mwanamke anamzika mtoto wake, na jioni ile ile anatandika mkeka aswali. Mwalimu alikuwa kijana bado, mpole, anayependa vitabu hadi sauti inamtetemeka akisoma. Alifunga kitabu akasema, "Huyu ni mtu aliyezoea kuonewa hadi anamshukuru anayemwonea. Nani anapinga?"

Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa hijabu. Macho yakanigeukia.

"Wewe unaswali," akaniambia. "Huyu mama anaongea na nani?"

"Na Mungu, mwalimu," nikasema nikisimama.

"Umejuaje kwamba anasikilizwa?"

Nikaanza kupekua kitabu kutafuta jibu. Wenzangu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Kaa. Kafikirie. Sitaki jibu la kukariri."

Angenidhihaki, ningemchukia na mambo yangeishia hapo. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hilo ndilo lililoniumiza. Tangu siku hiyo kila nikisujudu nalikuta lile swali limenitangulia kwenye mswala. Alfajiri moja ikaadhiniwa nikajifunika shuka. Rafiki yangu wa kitanda cha chini, Mlutheri kutoka Iringa, akanivuta mguu.

"Amka, wenzako wameshatawadha."

"Leo siendi. Sijui hata naongea na nani."

Akaniachia mguu. "Hata mimi tangu swali lile la darasani nasali kwa shida," akasema. "Ila nasali. Amka bwana, mwalimu utabishana naye kwenye kipindi."

Nikaamka.

Likizo ilipofika nikarudi Kisarawe. Nilimkuta Mama uani anamenya mihogo, nikachukua kisu nikakaa naye. Kuna jambo ambalo nyumbani hatukulizungumza: mdogo wangu aliyefariki kwa homa kabla hajaanza shule. Nilikuwa mtoto, lakini naikumbuka jioni ya maziko, Mama kwenye mswala, amekaa muda mrefu kuliko swala yoyote niliyoijua.

"Mama," nikasema, "siku ile tulipomzika mdogo wangu, ulikuwa unaomba nini?"

Kisu chake kikasimama. Nikaogopa nimemtonesha kidonda. Kisha akaendelea kumenya.

"Sikuomba kitu, mwanangu. Nilikuwa namgombeza."

"Nani?"

"Mungu. Nilimwambia yote. Kwamba amenionea, kwamba mtoto wangu hakumkosea mtu. Nikalia mpaka nikachoka. Mwisho nikasema Alhamdulillahi, maana sikuwa na neno jingine." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Ila nilihisi niko na mtu mle chumbani. Sijui nikuelezeje."

Tukalia wote wawili, mihogo mapajani, hadi akanituma maji ya kuoshea.

Shule ilipofunguliwa, nilinyoosha mkono katika kipindi cha kwanza cha fasihi.

"Mwalimu, tumesema yule mama anashukuru. Lakini mwandishi hakutuambia anasema nini pale kwenye mkeka. Huenda anagombana. Mama yangu alifanya hivyo alipomzika mdogo wangu."

Mwalimu akafungua kitabu, akausoma ule ukurasa peke yake.

"Watu hugombana hata na wafu," akasema taratibu. "Haina maana kwamba wafu wanasikia."

"Najua, mwalimu. Sina uthibitisho. Nakwambia tu ninaloliamini."

Akatikisa kichwa kukubali. "Kama usomaji wa tamthilia, umenishinda, sikuwa nimeliona hilo. Kuhusu Mungu mwenyewe, mimi na wewe bado."

Baada ya kipindi akaniita kwenye veranda. Baba yake alikuwa katekista, akaniambia. Mama yake alipofariki, yeye aliacha kusali. "Nilidhani mtu mwenye hasira hana ruhusa ya kuingia kanisani," akasema, akitazama uwanjani. "Mpe pole mama yako."

Siku ya mahafali Mama alikuja na korosho alizozikaanga mwenyewe. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo, mama. Mwanao amenisumbua sana darasani."

"Marahaba. Jamani, msamehe mwanangu, baba," Mama akasema kwa hofu, na kumpa mfuko mzima wa korosho. Mwalimu akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Hapana, mama. Usimkanye."

Sasa nami nafundisha fasihi, naishi Mkuza, hapo hapo Kibaha. Naswali, na zipo siku naswali nikiwa na mashaka tele. Mwalimu wangu bado haendi kanisani, lakini kila Ramadhani hunipigia kunitakia mfungo mwema. Mwaka jana nikamwambia kwamba namwombea dua.

"Usiache," akasema.