Chipu Inayojua Kulala

Vifaa vya mama mmoja fundi vya kupima maji matangini vilikuwa vikimaliza betri upesi, na wateja walishaapa kwamba vikizimika tena watavirudisha vyote. Akaenda dukani kutafuta chipu nyingine, ule ubongo wa kifaa; muuzaji akamsifia yenye mbio.

“Tangi halikimbii, kaka. Nataka inayolala fofofo, iamke mara moja moja kupima.”

Akaletewa nyingine, imebandikwa kwenye bodi yake. Wakaijaribu: hata ikiwa imelala, mita ilionyesha inakula umeme.

“Unaona, dada? Hiyo lafi!” muuzaji akasema.

Fundi hakubanduka. Akaigeuzageuza bodi, akaona kitaa chekundu kinawaka bure kando ya chipu. Akaking'oa kwa koleo. Mita ikashuka karibu na sifuri.

“Lafi ni hiki kitaa. Nifungie bodi kumi, na bei ya vitaa uiondoe.”