Bidoni Nane za Maji ya Bahari

Mwaka 2001 vita vilikuwa vimefunga mto. Meli za Kinshasa hazikupanda tena, na chumvi ilifika Kisangani kwa ndege, kidogokidogo. Katika mji huo Ezéchiel Lokwa, mwenye miaka hamsini na minane, alikuwa akitunza lita mia moja na sitini za maji ya chumvi ndani ya tangi la kioo, pamoja na samaki watatu wa bahari, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe.

Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Samaki waliletwa na tajiri wake, Mgiriki mmoja, aliyemfundisha kazi kisha akaondoka baada ya mabomu. Kipimo cha chumvi kilipovunjika, Ezéchiel alianza kupima kwa ulimi. Gunia la chumvi ya bahari nalo likaisha. Maji yale yakipotea, samaki wamekwisha.

Sasa nyumba ya Mgiriki ilitakiwa na maofisa. Sista Annette wa zahanati ya Kabondo alikubali kulipokea tangi katika chumba cha kusubiria, penye umeme. Tangi lilitangulia kwa mkokoteni. Maji yaligawanywa katika bidoni nane, madumu ya lita ishirini ishirini, akapewa Désiré, mwendesha toleka, ayapeleke kwa baiskeli yake, mbilimbili.

"Papa Ezéchiel, kupeleka mayi Kabondo? Kule iko source, mayi inatoka chini yenyewe! Watu watanicheka."

"Wacha wacheke. Wewe angalia mashimo."

Ezéchiel alitembea kwa miguu na ndoo ya samaki. Kufikia saa sita bidoni zote zilikuwa zahanati. Alionja kila moja kabla ya kuimimina. Saba zilikuwa sawa. Ya nane aliitema.

"Désiré! Hii ulipitisha wapi?"

"Tairi ilipasuka mbele ya malewa ya mama Georgette. Niliiacha pale kidogo tu, nikienda kutafuta solution ya kubandika."

Georgette, mwenye kile kibanda cha chakula, alipoitwa alikuja mwenyewe, mwiko mkononi.

"Bon, nilichukua, sikatae. Nilionja tone, nikasema Mungu amekumbuka pondu yangu, majani ya muhogo yaliyokosa chumvi. Lakini mimi si mwizi, papa! Nilirudisha mayi, nikatia chumvi yetu ya Isangi."

Ezéchiel aliijua chumvi hiyo. Watu wa mtoni huchoma majani ya majini, huchuja majivu, huchemsha. Vita vilikuwa vimeirudisha jikoni.

"Ya majivu itawaua, Georgette."

"Mutu anakula, samaki ndiyo itakufa? Ni samaki ya wapi hii yenye kujivuna?"

"Na wewe ulipika mayi ya samaki. Miaka sita wanakunya mule."

Georgette aliutazama mwiko wake. "Wateja waliomba waongezewe," alisema.

Sista Annette aligeukia ukuta ili acheke. Ezéchiel hakucheka. Bila bidoni ya nane, maji hayakufikia mdomo wa bomba la kichujio. Bila kichujio samaki wasingemaliza wiki, na tayari mmoja alikuwa akihema kwenye uso wa maji ya ndoo.

Georgette aliinama akapima pengo kwa vidole. "Alors, mchuzi ukipungua, mimi natia ndizi nyingi. Unapanda wenyewe."

Ezéchiel alimtazama. Ndizi, hapana. Mawe je? Ya mto hubeba uchafu wake. Lakini kioo hakitoi kitu chochote ndani ya maji.

"Uko na chupa za bia?"

"Malewa gani inakosa chupa?"

Désiré alileta chupa ishirini. Waliziosha bila sabuni, wakazijaza maji ya kisima, wakaziziba kwa vizibo na nta ya mishumaa ya Sista, kisha Ezéchiel akazishusha tangini moja baada ya nyingine. Kwenye ya kumi na saba maji yalifika kwenye bomba. Kichujio kilikoroma, kikatema hewa, kikaanza kuvuta.

Samaki walijificha nyuma ya chupa siku mbili, bila kula. Ezéchiel naye hakula vizuri. Georgette alipita kila asubuhi kuuliza habari zao kama anauliza za mgonjwa. Siku ya tatu yule mkubwa alitoka katikati ya chupa mbili, akamega chakula, akarudi kuchukua kingine.

"Anakula!" Georgette aliwapigia kelele wagonjwa waliokuwa wakisubiri sindano. "Papa, kaa basi. Na wewe nimekuletea pondu."

Ezéchiel alionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Chumvi ya majivu, safi, si ya tangi. Akala yote.