Sindano Isigeuzwe Hori

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeshusha magogo kutoka mlimani wakati wa masika, barabara imegeuka sabuni na breki za nyuma zimegoma, nikafika Moshi mjini nikaagiza bakuli la mtori wa ndizi kama mtu aliyetoka kusali. Nimevuka Holili mara nyingi mpaka mbwa wa mpakani hawajisumbui kunibwekea. Nilianza utingo nikiwa na darasa la saba na kandambili. Leo malori ni yangu, na wenye digrii wananiita bosi. Kwa hiyo siku ile mhandisi mmoja wa maji, mzungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, aliponionyesha mtumbwi wake, sikushangaa. Niliutaka tu.

Na ulikuwa mzuri, jamani! Mweupe, mrefu kuliko pikapu yangu, umechongoka mbele na nyuma kama sindano ya kushonea magunia, nami nikauita Sindano. Huingii ndani yake. Unakaa juu, kwenye kishimo kilichochongwa kwa ajili ya makalio ya mtu mwembamba. Yangu yaliingia kwa kubembelezwa. Miguu inanyooka mbele mpaka kwenye pedeli mbili za usukani, na mkononi una kasia lenye bapa huku na huku.

"Huu ni wa bahari," mzungu akaniambia. "Unapenda upepo mkali. Upepo mdogo, unalala."

"Kama mimi," nikamjibu, nikatoa hela.

Bahari hatuna, lakini tuna bwawa la Nyumba ya Mungu, kule tambarare kupita Kahe, na mchana upepo wa pale unawavua watu kofia. Sisi watu wa Machame maji tunayoyajua ni ya mfereji wa kumwagilia migomba, yanakuishia kwenye kifundo cha mguu. Kuogelea nilijifunza ukubwani, kwenye bwawa la hoteli, na kitambi changu, watoto wa wageni wakinipigia makofi. Nilijifunza kwa wiki mbili. Nani mwingine angeweza?

Siku ya kwanza mzungu alikuja kunielekeza kabla hajaondoka nchini. Akatoa kamba fupi ya kujifunga mguuni, ncha ya pili kwenye mtumbwi. Nikamrudishia, nikamweleza na sababu. Mtu yeyote aliyepanda juu ya shehena anajua kwamba tingo hajifungi kwenye mzigo. Mzigo ukiamua kwenda, uende peke yake. Nimeona kwa macho yangu mtu aliyejifunga ili asinzie vizuri juu ya mahindi, na sitaki kusimulia. Mzungu akainua mabega.

Nikapiga makasia, nakwambia, nikaenda! Kisha upepo ukanipiga ubavuni, nikajikuta nakunywa bwawa. Nilipoibuka, Sindano yangu ilikuwa inaondoka. Mtumbwi usio na mtu ni bahasha tupu; upepo uliupeperusha juu ya maji, ukarukaruka, ukapotelea kwenye matete, nami nimebaki naelea na jaketi langu la rangi ya machungwa kama tunda. Mamba wapo bwawa lile, msidhani sikuwakumbuka. Wavuvi wenye boti ya injini wakaja, wakanivuta kwa kola, kisha wakaenda kuitoa Sindano kwenye matete.

Ufukweni mzungu akasema neno moja tu. "Hapa umekosea hesabu. Mtumbwi ndio tingo. Mzigo ni wewe, na mzigo hufungwa."

Tangu siku hiyo najifunga.

Baada ya yeye kuondoka nikawa nateremka bwawani kila Jumamosi, na hapo ndipo uliponikuta ugonjwa wa pili. Upepo ukitoka nyuma, mawimbi yanakuja mgongoni, na kazi nzima ya mtumbwi ule ni kupanda wimbi na kuteleza nalo. Lakini kila wimbi kubwa liliponiinua, Sindano iligeuka ubavu, wimbi la pili likatumeza. Kila mara! Nilibadilisha namna ya kukaa, nikapaka usukani grisi, nikalaumu kiwanda. Mara ya mwisho nikachoka kupanda tena, na wale wavuvi wakanikokota mpaka nchi kavu, mimi nimeshika mkia wa boti yao.

"Meku," mmoja akaniuliza, maana huko kwetu ndivyo anavyoitwa mzee, na mimi hata sijazeeka, "mbona ukifika pale katikati unakata kona kulia? Kuna duka?"

Wenzake wakacheka mpaka boti ikayumba. Mimi sikucheka. Kulia! Siku zote kulia! Mguu wangu wa kulia umeishi juu ya breki tangu nikiwa kijana. Wimbi likiniinua, moyo ukishtuka, mguu unakanyaga breki wenyewe bila kuniomba ruhusa, na kwenye Sindano pale hakuna breki, pale ni kona. Nilikuwa nafunga breki juu ya maji, jamani!

Nilifika nyumbani nimejaa furaha ya ugunduzi huo. Mke wangu hakuwa amejaa furaha. Alikuwa zizini anakamua, na habari zilikuwa zimeshamfikia. Mvuvi mmoja alipiga video.

"Baba watoto," akasema bila kugeuka, "umevutwa mara mbili kama ndama anayepelekwa mnadani. Mjini nasalimiwa kwa kicheko."

"Nimejua kosa liko wapi."

"Na mimi nimejua kitu." Akanyanyuka, akauendea mtumbwi nilipouegesha, akaupima kwa mikono toka ncha hadi ncha. "Ukipasuliwa juu hapa, wanakula ng'ombe wote kwa mpigo, na hakuna wa kumsukuma mwenzake. Hauozi, haushiki kutu. Sijawahi kuona hori zuri kama hili."

"Mama watoto, hiyo ni mashine ya bahari!"

"Jumamosi nitakwenda kukaa kambi ya wavuvi, upande wa kaskazini. Wewe anzia huko kwenye ukuta wa bwawa. Ukifika mbele yangu umekaa juu yake, kasia mkononi, bila kuvutwa na mtu, sitasema tena. Ukivutwa, fundi anakuja Jumatatu na msumeno."

Hatanii yule mwanamke. Alishauza pikipiki yangu kwa namna hiyohiyo.

Jumamosi upepo ulikuja kama umelipwa. Bwawa zima limevimba, limetoa povu, na mbele yangu Kilimanjaro amejifunua, theluji ileee, utadhani ukipiga makasia sana utaparamia. Nikajifunga kamba. Nikajisemea: bwana mkubwa, ukishuka na mzigo kutoka Machame unafanyaje? Unakanyaga breki njia nzima? Aliyefanya hivyo tulimchimbia kaburi. Unaingiza gia nzito, unaiacha injini iushike mzigo, miguu inatulia. Basi gia yangu leo ni kasia.

Wimbi la kwanza likaniinua. Mguu ukataka. Nikapiga kelele, "Gia!" nikachoma kasia kulia, kushoto, kulia, na Sindano ikainamisha pua, ikashuka!

Niwaambieje? Nimewahi kupewa funguo za lori la kwanza kuwa langu. Nimewahi kupokea mtoto wa kiume na wa kike siku moja. Hii ilikuwa ya namna hiyo. Maji yalilia chini yangu kama mafuta kwenye kikaango, pua inapasua, povu linanipiga usoni, na bado lile wimbi halijaisha lingine linanichukua. "Gia!" Nilikuwa nawapita ndege. Nilipita boti ya wale wavuvi, injini yao inakohoa, nikawapungia kasia, na nusura nianguke kwa majivuno.

Kweli nilianguka, baadaye kidogo, wimbi liliponijia kwa mshazari. Lakini kamba ikanivuta mguu, Sindano ikasubiri hapohapo kama mbuzi kwenye kigingi. Nikajirusha kifudifudi juu yake, nikajigeuza, makalio yakapata kishimo, miguu nje kila upande mpaka ikatulia, nikaondoka. Hakuna aliyenigusa!

Kambi ikaonekana. Moshi wa vikaango vya samaki, na mke wangu amesimama na khanga yake nyekundu, ameweka mkono juu ya macho. Nikaongeza nguvu, niingie kwa kishindo. Na nilikuwa nimeshaanza kufikiria maneno ya kumwambia wakati Sindano iliposimama ghafla, mimi nikaendelea.

Nyavu. Zilitegwa karibu na ufukwe, na usukani ulio chini ya mtumbwi ulikuwa umejisokota ndani yake. Nikasimama, maji kifuani, tope magotini. Kila wimbi lilikuwa linazidi kuuviringisha mtumbwi kwenye uzi.

Mwenye nyavu, mama mmoja mnene mwenye beseni la perege, akaja mbio mpaka kwenye kigingi zilikofungwa. "Baba, usihangaike! Shika mtumbwi wako, navuta kamba, mnakuja wote na wavu wangu mzima!"

"Mvute, dada!" mke wangu akapaza sauti, anaruka. "Mvute huyo!"

"Usinivute!" nikanguruma. "Mama, nakuomba, usiguse kamba!"

"Sasa utatokaje?"

Ndani ya jaketi nina kisu kidogo. Nilikitoa, nikakiinua wakione wote. Yule mama akashika kichwa.

"Utanikatia wavu?"

"Nakata. Utalipwa."

"Kwa hatua hizo chache? Si nikuvute bure?"

"Nakata!"

Nikakata mwanzo mpaka mwisho, usukani ukawa huru. Nikajirusha juu ya Sindano, nikateleza, nikajirusha tena huku kambi nzima inashangilia, nikakaa. Nikapiga makasia polepole, mgongo umenyooka, nikapandisha pua mchangani mbele ya miguu ya mke wangu.

Alinitazama juu mpaka chini, matope na majani. "Haya," akasema. "Hukuvutwa." Akanifuta shavu kwa ncha ya khanga, kisha akamgeukia mwenye nyavu. "Dada, tuanze. Wavu ni bei gani?"

Yule mama akataja.

"Na maboya yake je? Na kamba ya juu?"

Akaongeza.

"Na samaki waliotoroka? Na siku utakazokaa bila kuvua? Usimwonee huruma, huyu ana malori."

Waliendelea hivyo wamekaa juu ya Sindano yangu, kila mmoja na perege wake wa kukaanga mkononi. Mimi nilisimama natiririka maji, nimeshika simu kwenye mfuko wake wa plastiki, nimeshiba ushindi, nasubiri kutuma: shilingi laki tatu, elfu kumi na saba na mia tano.