Wazee Wasiokwenda Choo

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuomba watu kinyesi. Nasema hivyo kwa sababu nilishachoka kuisema kwa maneno mazuri. Barua ya ajira iliniita muuguzi wa utafiti wa saratani ya utumbo mpana, lakini akina mama wa Kirua Vunjo, wakiniona napanda mteremko na mkoba wangu, walisema tu, "Yule wa mavi amekuja," kisha wakanikaribisha mtori wa ndizi.

Ilikuwa miaka ile kahawa ilipowachosha watu, wengine wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Nilipanga chumba Pasua, mjini, na kila Jumatatu nilipanda mlimani na kadi. Kila aliyevuka miaka hamsini alipewa kadi yake, karatasi ngumu yenye vidirisha vitatu, pamoja na vijiti vya kupakia. Siku tatu kabla asiguse nyama nyekundu wala supu ya kisusio, maana damu ya mbuzi ingetudanganya. Halafu kila siku apake kidogo katika kidirisha kimoja na kukifunga. Maabara walidondoshea dawa. Ikigeuka bluu, kuna damu isiyoonekana kwa macho, na mtu anaitwa hospitali achunguzwe utumbo kwa mrija. Daktari wetu alikuwa na nia njema. Wagonjwa wa saratani hii walikuwa wakitufikia wameshakwisha, tumbo limevimba, nasi tunabaki kuwapa dawa ya maumivu na kuwarudisha kwao. Alitaka kujua kama kadi zingewawahi.

Wanawake walinisumbua. Wengine walisahau, wengine walipaka vidirisha vyote siku moja ili wamalize, na mmoja alitumia kadi yangu kuwashia moto. Lakini wanaume, hasa wale wazee kabisa, hawakunisumbua hata kidogo. Kadi zao zilirudi kwa wakati, zimepakwa vizuri, na karibu zote zilikuwa safi, bila bluu. Daktari alifurahi. Alisema wazee wa mlimani wana nidhamu na matumbo mazuri, labda kwa sababu ya ndizi. Niliandika hayo katika daftari. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka haulizi kwa nini kazi yake imekuwa rahisi.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee hao. Alikaribia miaka themanini, akiishi na mama katika kihamba chetu cha Mwika, shamba la urithi, katikati ya migomba. Mama ndiye aliyenikabidhi kadi zao zote mbili, zimefungwa kwenye gazeti. Zote zilikuwa safi. Nilimshukuru Mungu, nikaendelea na vijiji vingine.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa Kirua Vunjo. Nilifika kwake mapema kuliko tulivyopatana, nikamkuta nyuma ya nyumba anapaka kadi mbili.

"Shikamoo, bibi. Hiyo ya pili ni ya nani?"

"Marahaba. Ya mzee."

"Ya mzee apake mzee mwenyewe, bibi."

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kwani wewe si Mchaga? Mzee wangu haendi choo."

Jambo lenyewe nililisikia shuleni, likisimuliwa kama kichekesho. Zamani, vijana wa kiume waliopelekwa jandoni msituni walirudi na habari kwamba wamezibwa. Tangu siku hiyo mwanamume kamili haendi tena haja kubwa. Hayo ni mambo ya wanawake na watoto. Wanawake walijua kuwa ni uongo, na mafunzo yao wenyewe yaliwaambia walijue hilo na wasiliseme kamwe. Mume akiugua tumbo, mke anafukia na kunyamaza. Nilidhani mambo hayo yaliisha na ubatizo. Vijana waliyacheka vilabuni kwenye pombe ya mbege. Baba yangu hakukosa misa ya Jumapili, na niliamini kwamba aliyekubali kuungama dhambi zake amekubali pia kuwa ana utumbo.

Ndipo nikakumbuka kwamba kila alfajiri alishuka chini ya shamba na jembe begani, kwenda kuangalia mfereji. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akiingia katika choo chetu. Na sikuwahi hata kujua kwamba sijamwona.

Niliacha kadi za bibi zilipo, nikaenda Mwika siku ileile. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Mama, ile kadi ya baba ilikuwa ya nani?"

"Ya nyumba hii."

"Mama."

"Ilikuwa yangu. Ulitaka nikupe ya nani?"

"Baba anatoka damu?"

Kisu kilisimama. Alitazama mlangoni kwanza. "Tangu kabla ya masika. Siku hizi hafiki mfereji, kwa hiyo nafukia mimi. Na wewe hujasikia kwangu."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia baba, nikawakasirikia na wazee wa msituni ambao hata makaburi yao hayajulikani. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe, muuguzi mzima, niliyeshika mkono wa baba kila mwezi nikimsalimu bila kuona jinsi kiganja kilivyokwisha rangi. Nilimtupia mama ile methali niliyozoea kuwahubiria watu mikutanoni: mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Aliyeficha si yeye," mama akasema. "Ni mimi. Basi kiniumbue mimi." Akaendelea kumenya.

Mama alimleta baba hospitali yeye mwenyewe, kwa kisingizio cha kizunguzungu. Uvimbe ulikuwa chini kabisa, karibu na njia ya haja. Daktari wa upasuaji alisema unaweza kuondolewa, bado haujasambaa, lakini baba atashonwa kule chini na kufunguliwa njia tumboni, avae mfuko. Alizungumza Kiswahili cha kitabuni, na mimi nikamfasiria baba kwa Kichaga. Sijui kama nimewahi kupewa kazi mbaya zaidi. Baba alisikiliza yote, kofia magotini.

"Nani atauona huo mfuko?" aliuliza.

"Hapa wauguzi," daktari alisema, "na nyumbani binti yako amesomea, atakuhudumia."

Baba alivaa kofia. "Basi niacheni nirudi nyumbani."

Alikaa nyumbani wiki mbili akiendelea kutoka damu. Nilipanda mara tatu kumsihi na mara tatu alinizungumzia habari za mfereji. Mara ya nne mama aliniambia nikae nje, akaingia kwa baba na kufunga mlango. Sijui alimwambia nini, na hajaniambia hadi leo. Alipotoka alisema, "Atakatwa. Wodini mtafute muuguzi mwanamume, mtu mzima. Nyumbani nitaona mimi tu." Nilimfundisha kuvalisha mfuko kwa kuuweka juu ya tumbo lake mwenyewe, tumeketi jikoni, na alijifunza haraka kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwaona.

Nilirudi kwa daktari wa utafiti nikamwambia kadi za wazee wote wanaume zitolewe katika hesabu.

"Kwa nini?"

"Zilichanganyika."

"Nani alizichanganya?"

Ningesema ukweli, angeuandika, na ukisha kuandikwa ungesomwa mkutanoni mbele ya watu wasiojua kufukia kitu. "Mimi," nikasema. Nilipewa barua ya onyo. Kisha nikaanza upya, nyumba kwa nyumba, bila kadi kwa wazee wale. Nilikaa jikoni na wake zao, nikashika kisu nikamenya nao, na tukiwa peke yetu nikauliza, "Mama, siku hizi unafukia nini?" Waliniambia. Wengine tuliwawahi, wengine nilichelewa, na baadhi ya niliochelewa walikuwa na kadi safi katika daftari langu. Hao bado wananikosesha raha. Naandika haya sasa kwa sababu wazee wale wamekwisha wote.

Baba alipona. Kwa zaidi ya mwaka mama alimhudumia mlango ukiwa umefungwa, na mimi, niliyebadilisha mifuko ya wagonjwa wengi nisiowajua, sikuwahi kuona wa baba yangu. Halafu mama akashikwa na malaria kali, akalazwa mjini. Niliomba likizo nikapanda Mwika.

Siku ya kwanza baba alikataa chakula. Nilielewa anachofanya: asipokula, mfuko haujai. Siku ya pili, asubuhi, nilipofungua mlango nilijua kwa harufu kwamba njaa haikusaidia. Nililia kidogo nje, kisha nikachukua maji, sabuni na mfuko mpya, nikaingia. Sikumsalimu. Aligeukia ukutani, akavuta blanketi hadi usoni, akaliacha tumbo wazi. Nilifungua, nikaosha, nikakausha, nikamvalisha. Ngozi yake ilikuwa safi, haina kidonda hata kimoja, na nilimwonea mama fahari.

Niliporudi na mtori nilimkuta ameketi kitandani, kofia kichwani. Nilimwamkia kama vile ndiyo kwanza tunaonana. Aliitikia, akala bakuli lote.

"Mama yako," alisema, "leo mikono yake ilikuwa ya baridi."

Mama alikuwa wodini mjini, dripu mkononi.

"Pole, baba."

"Mwambie kesho apashe maji moto kwanza."

"Nitamwambia, baba," nikasema.